Kompyuta Tulivu Kamembe: Jinsi ya Kuipoza Bila Kelele

Kuna vyumba vingi mjini Kamembe ambamo kelele ya feni si jambo dogo. Kuna sekretariati yenye mashine nne zilizopangwa ukutani, na mchapaji aliyekaa mbele yake tangu asubuhi hadi jioni. Kuna chumba cha nyuma ambamo kijana anarekodi kwaya, na maikrofoni inanasa kila mvumo. Kuna mwanafunzi anayesoma usiku huku wadogo zake wamelala chumba hichohicho. Wote hao wakiuliza, huambiwa wanunue feni nyingine yenye nguvu zaidi, na ushauri huo mara nyingi huwaongezea makelele. Joto la kompyuta huondolewa na hewa inayopita ndani yake, na feni huvuma kwa sababu imelazimika kukimbia. Ukiipa hewa njia iliyo wazi, na ukaiwekea prosesa bati pana la kumwaga joto lake, feni itazunguka polepole na utasahau kwamba ipo. Ndiyo maana nakushauri utengeneze njia ya hewa kwanza, halafu ndipo ufungue pochi.

Zingatia pia mahali unapoishi. Uwanja wa ndege wa Kamembe uko karibu mita 1,590 juu ya usawa wa bahari, na maji ya Ziwa Kivu yako kwenye mita 1,460 hivi. Katika urefu huo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa takriban asilimia 14. Feni husukuma ujazo uleule kila inapozunguka, lakini ndani ya ujazo huo mna hewa pungufu ya kubeba joto. Tuseme prosesa fulani, ikifanya kazi nzito pwani, inapanda nyuzi 40 juu ya joto la chumba. Prosesa hiyohiyo, kwa feni ileile na kasi ileile, ikiletwa Kamembe itapanda karibu nyuzi 45. Usikate tamaa, kwa maana baridi ya huku inakurudishia ulichonyang'anywa. Chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 31 kinakupa prosesa ya nyuzi 71, na chumba cha Kamembe chenye nyuzi 23 kinakupa ya nyuzi 68. Wa kuhurumiwa ni jirani zetu wa bonde la Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga. Huko ardhi inashuka hadi karibu mita 950, joto la mchana linafanana na la pwani, na hewa bado ni nyepesi kuliko ya pwani. Kwa hesabu hiyohiyo wao wanafika nyuzi 74. Kwa hiyo kipoozaji kinachotosha Kamembe kinaweza kuelemewa Bugarama, ingawa ni wilaya moja ya Rusizi.

Anza kwa kupima. Kwenye Windows, programu ya HWiNFO haina malipo, nayo huonyesha joto la kila sehemu pamoja na mizunguko ya kila feni kwa dakika. Kwenye Linux, sakinisha lm-sensors, kisha andika amri ya sensors. Usihangaike na joto la kompyuta iliyotulia, maana halikuambii mengi. Ipe kazi yako halisi: toa video yenye dakika kumi, au fungua mradi wa muziki wenye nyimbo zote na vionjo vyote, uiache ifanye kazi kwa nusu saa. Andika namba. Prosesa nyingi za Intel hujipunguzia kasi zikifika nyuzi 100. Ryzen za mfululizo wa 5000 nyingi zina kikomo cha 90, na za mfululizo wa 7000 cha 95. Ukikuta nyuzi 70 au 75 katikati ya kazi nzito na feni bado inapiga makelele, huna tatizo la joto, bali feni yako imepangwa vibaya au imechakaa. Ukikuta 95 huku feni inakimbia kwa nguvu zake zote, ujue hewa haipiti au joto halitoki kwenye prosesa.

Sasa tafuta ni nini hasa kinacholia. Fungua ubavu wa keisi mashine ikiwa inawaka, kisha gusa taratibu kitovu cha feni kwa ncha ya kidole, pale katikati palipobandikwa karatasi ya jina, mpaka isimame kwa sekunde moja au mbili. Usiguse mabawa. Fanya hivyo kwa kila feni unayoifikia, na ile ambayo ikisimama tu chumba kinanyamaza ndiyo unayoitafuta. Feni ya ndani ya pawasapulai usiijaribu kwa kidole, na pawasapulai yenyewe usiifungue, kwa sababu kapasita zake huhifadhi umeme hata waya ukiwa umechomolewa. Sikiliza pia aina ya sauti. Mvumo kama upepo unatokana na kasi. Mkwaruzo au mlio wa kukereza unatokana na beringi iliyokauka. Mtetemo unaokuja na kuondoka, na ukibonyeza ubavu wa keisi unanyamaza, ni bati linalotikiswa, na mara nyingi mtikisaji ni hadi diski ya kuzunguka. Hiyo ukiibadilisha na SSD umepata utulivu na kasi kwa pamoja, na kwa mashine ya zamani sijui matumizi ya pesa yaliyo bora kuliko hayo.

Beringi iliyokauka inaweza kutibiwa kwa muda. Feni nyingi za bei nafuu zina karatasi ya jina mgongoni, na chini yake kuna tundu. Bandua karatasi, tia tone moja la mafuta ya cherehani, zungusha kwa mkono, futa yaliyomwagika, kisha bandika tena. Mafuta ya kupikia hayafai kabisa, kwani huganda na kunata. Feni iliyotiwa mafuta inaweza kukusogeza miezi kadhaa, na huo ni muda wa kutosha kuagiza nyingine Kigali.

Usafishaji ndio unaoleta tofauti kubwa kuliko yote, na ndio watu wanaoufanya vibaya. Kuanzia Juni hadi Agosti vumbi jekundu la barabara zisizo na lami huingia kila mahali. Ukiwa jirani na jiko la makaa, moshi na mafuta ya kupikia huchanganyika na vumbi hilo, likawa utando unaonata kwenye mapezi ya alumini, na kupuliza tu hakuung'oi. Duka lako likipakana na la vifaa vya ujenzi linalouza simenti, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu simenti ikikutana na unyevu wa masika hugandamana. Ondoa feni juu ya hitisinki, yaani lile bati la kumwaga joto, kwani mara nyingi ni klipu mbili au skrubu nne tu, uangalie upande uliokuwa umefichwa chini yake. Hapo ndipo utakuta blanketi la vumbi limefunika mapezi yote, hewa haipenyi hata kidogo, ilhali kwa juu feni inaonekana safi. Tumia brashi laini ya rangi na kipulizio cha mkono. Usiipeleke mashine gereji ikapulizwe kwa kompresa ya kujazia matairi, kwa kuwa hewa yake hubeba maji na mafuta na nguvu yake huvunja mabawa. Unapopuliza, shika feni isizunguke. Feni inayozungushwa kwa kasi na upepo huzalisha umeme na kuurudisha kwenye madabodi. Kabla ya yote hayo chomoa waya, kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe.

Mashine iliyofika Rwanda kwa mtumba kutoka ofisi za Ulaya au kupitia Dubai huenda haijabadilishwa pesti ya joto tangu ilipotoka kiwandani. Pesti hiyo hukaa kati ya prosesa na hitisinki na kuziba nafasi ndogondogo za hewa. Ikikauka hupasuka kama tope la kiangazi, na joto hukwama chini yake. Washa mashine dakika chache ili pesti ya zamani ilainike, izime, chomoa waya, kisha zungusha hitisinki kidogo kushoto na kulia kabla ya kuivuta. Ukiivuta kwa ghafla, prosesa za AMD za soketi ya AM4 zinaweza kung'oka pamoja nayo na pini zikapinda. Futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti safi ya duka la dawa, ya asilimia 90 ikipatikana. Ile jeli ya kunawia mikono iache, ina glisarini inayobaki juu ya chuma. Weka pesti mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, rudisha hitisinki, na kaza skrubu kwa zamu, pembe kwa pembe, kidogokidogo. Arctic MX-4 au nyingine ya kiwango hicho inatosha. Tofauti kati ya pesti nzuri na iliyo nzuri zaidi ni nyuzi chache tu.

Mahali ulipoiweka kompyuta pia pana neno lake. Nyumba nyingi za hapa zimejengwa zikitazama ziwa, yaani magharibi, na jua la alasiri huingia moja kwa moja dirishani. Mashine iliyowekwa hapo hupata joto kutoka nje wakati uleule inapojaribu kutoa la ndani. Isogeze. Itoe kwenye kabati la meza lenye mlango, iache sentimita 15 kutoka ukutani, na iinue kutoka sakafuni. Kuna pia kitambaa cha kufuma kinachowekwa juu ya keisi, mikono ya mama imekitia urembo mwingi. Kiwe juu ya mashine iliyozimwa na kupoa, na kabla ya kuwasha kitolewe. Nimeona vimefunika tundu la juu lote la kutolea hewa.

Ukimaliza hayo, ingia kwenye mipangilio. Wengi hawajui kwamba njia tulivu kuliko zote ni kuzalisha joto dogo zaidi. Katika biosi za madabodi nyingi za AMD kuna hali ya Eco inayoibana prosesa ya wati 105 ifanye kazi kama ya wati 65. Kwa Intel utakuta vikomo vya nguvu unavyoweza kushusha. Kazi ya kuandika barua, kujaza fomu za Irembo na kuhariri sauti haitapungua kwa namna utakayoiona, na umeme wa Cash Power utakaa muda mrefu kidogo. Kadi ya picha nayo inaweza kushushiwa kikomo cha nguvu hadi asilimia 80 kwa programu ya MSI Afterburner, na kelele yake ikapungua sana kuliko kasi yake.

Kisha panga mwendo wa feni. Prosesa ya leo huruka nyuzi 15 kwa sekunde moja ukifungua tu ukurasa wa intaneti, na feni isiyopangwa hufuata kila mruko, ikipanda na kushuka kama mtu anayeshtuka usingizini. Sikio la mtu huzoea sauti isiyobadilika, halizoei ile inayopanda na kushuka. Iweke kasi moja ya chini hadi nyuzi 60, ipande taratibu hadi 80, halafu iruhusu ikimbie. Ukikuta sehemu ya kuchelewesha mabadiliko, ipe sekunde kadhaa. Feni ya pini nne huongozwa kwa mapigo ya PWM, na ya pini tatu kwa kupunguziwa volti. Hakikisha biosi imewekewa aina inayolingana na plagi yako, la sivyo feni ya pini tatu itakimbia kwa kasi yote daima.

Baada ya haya yote, wengi hawatahitaji kununua kitu. Kama bado unahitaji, kumbuka kanuni mbili za feni. Ya kwanza, ukipunguza kasi kwa nusu, hewa hupungua kwa nusu lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, na hicho ni kiasi kikubwa mno kwa sikio. Ya pili, ukubwa hushinda kasi. Feni ya milimita 120 inaweza kusukuma hewa ya feni ya milimita 80 ikiwa na mizunguko isiyofika theluthi moja. Kwa hiyo badala ya feni moja ndogo inayopiga mbio, weka mbili kubwa zinazotembea. Feni mbili zinazolingana huongeza desibeli 3 tu juu ya moja, lakini zinakuruhusu kushusha kasi ya zote. Arctic P12 ni ya bei nafuu na inafanya kazi yake vyema. Noctua ya Austria ni ghali, na kwa chumba cha kurekodi mimi ningeinunua bila kusita, kwa kuwa beringi yake hudumu miaka mingi na mafundi wa kuitengeneza hawako karibu.

Kuhusu upande wa kufunga feni: hewa hutoka upande wenye mihimili inayoshikilia mota. Mbele na chini ziingize, nyuma na juu zitoe. Ziwe za kuingiza nyingi kidogo kuliko za kutoa, kisha funika za kuingiza kwa chujio. Hapo vumbi litapita unapotaka wewe, badala ya kupenya kila ufa. Chujio likikosekana, kitambaa cha soksi nyembamba za nailoni kilichovutwa vizuri kinasaidia, mradi ukifue kila mwezi. Ili kuhakiki njia ya hewa, washa kijiti cha udi ukipitishe mbele ya kila tundu. Moshi ukivutwa mbele na kutoka nyuma kwa mstari, umefaulu. Ukiuona unatoka nyuma kisha unazunguka na kuingia tena ubavuni, hewa ya moto inarudi ndani, na tundu hilo la ubavuni lizibe.

Kwa hitisinki, prosesa ya wati 65 kama Core i5-6500 inatoshwa kabisa na mnara mmoja wenye feni ya milimita 120 na mirija minne ya shaba. Kwa wati 100 na zaidi, tafuta minara miwili, kwa mfano Thermalright Peerless Assassin 120 SE. Hapa Kamembe ningeongeza daraja moja juu ya linalopendekezwa na watu wa pwani, kufidia ule wepesi wa hewa, na Bugarama ningeongeza bila mjadala. Lakini pima kwanza. Peerless Assassin 120 SE ina kimo cha milimita 155, Noctua NH-U12S ina 158, na NH-D15 ina 165. Chukua rula, pima kutoka uso wa prosesa hadi bati la ubavu wa keisi. Angalia na soketi: vishikio vya LGA1150, 1151 na 1200 vina nafasi moja ya matundu, LGA1700 ina yake, na AM4 na AM5 hushirikiana. Kitu kikija na basi kutoka Kigali kupitia Nyungwe kisha kikakataa kuingia, kukirudisha ni safari nyingine.

Wenye mashine fupi za ofisi, Dell OptiPlex na HP EliteDesk zile za kulala, wana habari tofauti. Madabodi na plagi za feni humo mara nyingi ni za umbo la kampuni yenyewe, na ukiweka feni ya kawaida mashine hukataa kuwaka mpaka ubonyeze kitufe, ikidai feni imekufa. Usipambane nayo. Safisha, badilisha pesti, agiza feni ya namba ileile iliyoandikwa mgongoni mwa ya zamani, na usitupe lile koti la plastiki nyeusi linalofunika hitisinki. Fundi akikwambia ni pambo, mkatalie. Koti hilo ndilo linaloilazimisha hewa ya feni ya mbele kupita katikati ya mapezi.

Vipoozaji vya maji sivipendekezi kwa Rusizi, isipokuwa una prosesa ya wati 200 na zaidi. Maji hubeba joto hadi kwenye rejeta, na rejeta hupozwa na hewa ileile nyepesi kwa feni zilezile, kwa hiyo mlima haujaukwepa. Umeongeza pampu yenye mvumo wake, na siku pampu ikifa kompyuta inasimama siku hiyohiyo. Feni ya mnara ikifa, unaweza kufunga yoyote ya milimita 120 kwa waya mwembamba na kuendelea na kazi mpaka mpya ifike.

Usafishaji wa mwaka uuweke mara mbili, mwishoni mwa Mei kabla vumbi halijaanza, na Septemba likishatulia. Bugarama na kando ya barabara za vumbi, ongeza wa tatu katikati ya Julai. Kila mara rudia kipimo cha nusu saa kwa kazi ileile, chumba kikiwa na joto lilelile au karibu yake, na uandike namba kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya ubavu wa keisi: tarehe, joto la chumba, joto la prosesa, mizunguko ya feni. Tofauti kati ya joto la prosesa na la chumba ikipanda nyuzi tano kuliko mara iliyopita, chukua brashi. Ikipanda kumi hata baada ya brashi, chukua pesti.